Kazi Mia Moja na Kumi na Mbili

Kampuni ya kuua wadudu ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukipanda ngazi zake za chuma, pua ilikwambia umefika kabla macho hayajaona kibao. Kibao chenyewe kilichorwa mende mkubwa amelala chali, miguu sita hewani. Mchoraji alitaka kuchekesha, akafanikiwa kupita kiasi: tangu siku kilipotundikwa, mwenye kampuni hakuitwa tena jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mende. Yeye akakubali yaishe, maana jina la kuchekesha halisahauliki, na mteja asiyekusahau atarudi.

Chumba cha nje kilikuwa cha mapampu, mabuti na madumu ya dawa. Cha ndani kilikuwa na meza mbili zilizotazamana. Moja ilikuwa ya Mzee Mende, nayo mara nyingi ilikuwa tupu, kwa kuwa mwenyewe alipenda kuzunguka kutafuta kazi. Ya pili ilikuwa ya mhasibu, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwembamba, mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni kwa uzi wa cherehani.

Mafundi walimwita Bi Senti. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili kazini, alipokataa kufunga mwezi kwa sababu daftari lake na benki vilipishana kwa kiasi kisichotosha kununulia hata kiberiti. Siku tatu alikitafuta. Mzee Mende uvumilivu ukamwisha, akachomoa sarafu mfukoni na kuibamiza mezani. "Chukua hii, dada, tuendelee na maisha." Bi Senti akamrudishia. "Hii imetoka mfukoni mwako, bosi. Mimi natafuta iliyopotea." Siku ya nne akaipata: moja iliyoandikwa kwa haraka ikasomwa saba.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa ghala la magunia kwa miaka kumi na mmoja. Uhasibu aliusomea jioni, baada ya kazi, akiwa ameshafiwa na mume na hakujaliwa mtoto. Ghala lilipofungwa, Mzee Mende, ambaye wakati huo alikuwa na pampu mbili na baiskeli, alimchukua kwa mshahara ambao wote wawili waliuonea haya. Sasa miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Kulikuwa na mafundi wanne, pikipiki tatu, na mhasibu mmoja aliyesemekana hajawahi kukosea.

Kwa Bi Senti, mwezi ulianza kuisha tarehe ishirini na tano. Siku hiyo aliweka mezani boksi tupu la viatu, na kila fundi alimwaga humo risiti zake: mafuta ya pikipiki, glavu, nauli, betri za tochi. Zilikuja zimekunjwakunjwa, zimelowa jasho, nyingine zikinuka dawa. Alizinyoosha kwa rula, akazipanga kwa tarehe, akazibandika karatasini. Asiye na risiti alikuwa na hadithi, na hadithi haikuingia daftarini. "Kaka, mimi nalipa karatasi," aliwaambia. "Maneno kayauze kwingine." Tarehe ishirini na nane alitoa ankara za mwisho na kuwapigia simu waliochelewa kulipa, kwa upole ambao wadaiwa waliuogopa kuliko matusi. Tarehe thelathini ilikuwa ya mishahara. Tarehe mosi alishuka benki, akarudi na karatasi yao ya mwezi, akailaza ubavuni mwa leja na kuanza kutia vema kwa penseli ya bluu, mstari kwa mstari, mpaka benki na daftari viseme neno moja. Zikafuata dawa za stoo, zikahesabiwa dumu kwa dumu, uchakavu wa mapampu na pikipiki ukakatwa, kodi ikatengwa, urari wa hesabu ukachorwa. Na tarehe tano, saa nne asubuhi, karatasi moja tu ilikuwa mbele ya Mzee Mende: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Mzee Mende alisoma mstari wa mwisho tu. Mingine, alisema, alimwachia aliyeiandika.

Mwaka huo mstari wa mwisho ukaanza kunenepa. Mwezi wa kwanza Mzee Mende alikuja na wazo aliloliota bafuni: mteja alipe mara moja kwa mwaka mzima, na mafundi waende kwake mara nne. Mara moja peke yake ilikuwa laki moja na elfu ishirini na tano. Ukilipia zote nne kwa pamoja, unatoa laki nne tu. Vikaratasi vikachapishwa, vikagawiwa, na wateja wakavamia kama siafu. Shule moja ya bweni ilichukua mkataba kwa kila jengo lake, yote sita. Zikaja nyumba za wageni, migahawa, wenye maghorofa. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wameuza mikataba arobaini na miwili.

Bi Senti aliandika kama alivyoandika siku zote. Pesa imeingia, basi mapato yameingia. Kwa miaka kumi na minne kampuni ilikuwa ikipuliza leo na kulipwa leo, au ikichelewa sana baada ya wiki tatu, na namna hiyo ya kuandika haikuwahi kumwangusha. Kila tarehe tano Mzee Mende aliona faida ya milioni moja na nusu, milioni mbili, mwezi mmoja hata milioni tatu. Akaanza kutembea kifua mbele. Tarehe ishirini ya mwezi wa sita alikwenda kwa muuza magari, akachagua pikapu nyeupe ya milioni tisa, akatoa arubuni ya laki sita. Iliyobaki, milioni nane na laki nne, aliahidi kuileta tarehe kumi ya mwezi wa saba. Siku hiyo alinunulia ofisi nzima soda.

"Hii pikapu ni ya Bi Senti," aliwaambia mafundi, chupa mkononi. "Bila karatasi zake nisingejua kama nina uwezo."

Bi Senti alicheka na kunywa soda yake. Baadaye maneno hayo yalimrudia mara nyingi kuliko alivyotaka.

Jumamosi ya tarehe mbili ya mwezi wa saba walikuwa chumba cha nje, ndiyo stoo yao, wakihesabu madumu, yeye na fundi mkuu. Fundi huyo walimwita Moshi, kwa sababu ndiye aliyeendesha mashine ya kufukiza, na akitoka ndani ya jengo alitoka na wingu lake. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mkimya, asiyepoteza glavu.

Moshi alimkabidhi karatasi ya dawa alizohitaji. Bi Senti akaisoma, akavaa miwani vizuri, akaisoma tena.

"Kaka Moshi, hii ni mara tatu ya mwezi uliopita. Unataka kuua wadudu au kuwaogesha?"

"Kazi ni nyingi, Bi Senti. Shule ile majengo sita, nyumba za wageni, maghorofa ya kule mtaa wa juu. Mwezi wa saba na wa nane hatutapumua."

"Vizuri. Basi nipe orodha niandae ankara."

Moshi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Ankara za nini? Hao walishalipa. Walilipa mwezi wa kwanza, wa pili huko. Sisi tunakwenda tu."

Bi Senti alikuwa ameshika kifuniko cha dumu. Akakiweka chini taratibu.

"Wote?"

"Karibu wote. Wa kulipa hapohapo siku hizi ni wa kuhesabu kwa vidole. Kila mtu kahamia mkataba."

Bi Senti alimaliza kuhesabu madumu, akatia sahihi, akarudi mezani na kuvuta droo ya kadi za wateja. Kila mkataba ulikuwa na kadi yake ya manjano yenye visanduku vinne, na kila mafundi walipokwenda, Moshi aliweka mhuri kwenye kisanduku kimoja. Bi Senti alikuwa akizipanga kadi hizo kwa miezi sita bila kuziuliza swali. Sasa akaziuliza. Arobaini na miwili mara nne: kazi mia moja sitini na nane. Visanduku vyenye mhuri: hamsini na sita. Vilivyo vitupu: mia moja na kumi na mbili.

Kazi mia moja na kumi na mbili zilizokwisha kulipwa na hazijafanywa. Kwa laki moja moja, milioni kumi na moja na laki mbili. Akafungua karatasi ya benki ya jana: salio milioni kumi na mbili na laki sita.

Akili ikamruka. Alihesabu tena visanduku, safari hii kwa kuvigusa kwa ncha ya penseli. Vilikuwa vilevile. Faida yote aliyokuwa ameiandika tangu mwaka uanze ilikuwa milioni kumi na moja na laki tisa. Ukitoa pesa ya kazi ambayo hawajaifanya, ilibaki laki saba kwa miezi sita, na miezi miwili kati ya hiyo walikuwa wamepata hasara huku wakishangilia. Pesa haikuibiwa wala haikupotea. Ilikuwa benki, imetulia, ikisubiri kununua dawa, mafuta na mishahara ya kazi mia moja na kumi na mbili. Na tarehe kumi ilikuwa inakwenda kununua pikapu.

Jumapili alikaa barazani na dada yake wakichambua maharage. Dada huyo alikuwa mkubwa kwake kwa miaka tisa, mkunga mstaafu, na wawili hao waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili tangu kila mmoja alipobaki peke yake. Mkunga hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Tangu jana unatupa maharage mazima na kubakiza mawe," alisema. "Nani kafa?"

Bi Senti akamweleza. Alieleza kwa kirefu, na mwisho akasema lile lililokuwa linamkereketa tangu stoo. "Hakuna atakayejua, dada. Bosi anasoma mstari wa mwisho tu. Naweza kuanza kurekebisha polepole, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka mwaka unaisha kitu kimekaa sawa."

"Na hilo gari?"

"Atanunua."

"Halafu mishahara?"

Bi Senti akatupa harage jingine zima.

"Mdogo wangu," dada yake akasema, "mficha uchi hazai. Na mimi nimezalisha watu miaka thelathini na mbili, silisemi kama methali, nalisema kama kazi. Nimewaona wanaojifunika shuka mpaka puani, mtoto anataka kutoka, wao wanaona haya. Unataka nimwambie nini mtu kama huyo? Fungua."

"Miaka kumi na minne sijakosea."

"Ndiyo maana umekosea kubwa. Wenzako wanakosea ndogondogo, wanazoea." Akavuta sinia kwake. "Nipe hayo maharage kabla hujatuvunja meno."

Jumatatu alifika kabla ya saa moja na nusu. Alikuwa ameandaa karatasi mbili: ya zamani, ilivyokuwa ikiandikwa, na mpya. Mzee Mende aliingia akipiga mluzi, na funguo za pikipiki akaziachia mezani kama mtu anayeziaga.

"Bosi, karatasi ya mwezi nimekuletea siku moja kabla. Lakini usisome kwanza. Nina neno."

"Sema, dada."

"Nimekosea hesabu. Si za mwezi huu tu. Za miezi yote sita."

Mzee Mende akacheka. "Senti ngapi?"

"Milioni kumi na moja na laki mbili."

Kicheko kikakatika. Akainuka, akaenda kufunga mlango wa chumba cha nje, akarudi. "Nani kaiba?"

"Hakuna aliyeiba. Zote ziko benki."

"Ziko benki!" Akashusha pumzi, akaketi. "Dada, usiniue bure. Kama ziko benki, kosa liko wapi?"

"Ziko benki lakini nyingi hazijawa zetu. Mtu kakulipa umpulizie nyumba mara nne. Umekwenda mara moja. Umeshachuma ngapi?"

"Moja."

"Na tatu?"

Mzee Mende akazitazama funguo zake mezani.

"Tatu ni deni," Bi Senti akasema. "Mimi niliziandika zote nne kuwa mapato siku ileile pesa ilipoingia. Nilipaswa kuziweka pembeni na kuzihamisha mojamoja, kila Moshi anapogonga mhuri. Hizi hapa kadi. Visanduku mia moja na kumi na mbili havina kitu."

"Tutavifanya! Nani kasema hatutavifanya?"

"Kwa dawa za nani, bosi? Kwa mafuta ya nani? Wateja hawa hawatoi tena hata shilingi mpaka mwaka ujao. Ukitoa milioni nane na laki nne tarehe kumi, tutafika mwezi wa nane tukijikongoja. Tarehe thelathini ya mwezi huo hatuna mishahara. Nimepiga hesabu mara nne."

Mzee Mende alichukua zile karatasi tano za miezi iliyopita kutoka kwenye faili lake. Alikuwa amezitunza vizuri, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki. Akazipanga mezani kama karata, pamoja na ile ya zamani aliyoletewa leo.

"Hizi zote zina sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Nimekwenda kwa wakwe zangu nikawaambia nanunua gari. Nimemwambia mdogo wangu aache kazi ya udereva anakofanya, aje kuliendesha. Miezi sita unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Sikukupaka, bosi. Nilijipaka na mimi mwenyewe."

Aliondoka bila kuchukua funguo, akarudi kuzichukua, akaondoka tena. Mlango wa chini ulisikika ukipigwa. Mafundi kule chumba cha nje wakajifanya wanafunga kamba za mabuti.

Siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu alikuja na mkaguzi wa hesabu, mzee mfupi mwenye mkoba uliochakaa pembe, aliyekuwa akikagua maduka ya eneo lile. Mkaguzi aliketi na kadi za manjano saa mbili nzima, akanywa chai, akauliza maswali machache, akafunga leja.

"Karatasi mpya ni sahihi," alimwambia Mzee Mende. "Usinunue gari."

"Na zile sita?"

"Zile ni kosa la mtu anayeijua njia moja sana. Barabara ikahamishwa, yeye akaendelea na njia yake." Alisema bila ubaya wowote, akiwa anatafuta kofia. Lakini Bi Senti, aliyekuwa amevumilia mlango kupigwa na siku mbili za kununiwa, alihisi machozi yakimlenga hapohapo. Akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Muuza magari alikataa kurudisha arubuni. Arubuni ni arubuni, alisema, na kwa ajili ya pikapu ile alikuwa amewarudisha wanunuzi wengine wawili. Laki sita zikawa zimekwenda na maji. Yule mdogo wake Mzee Mende kwa bahati alikuwa hajaacha kazi yake. Alikuwa mtu wa kuahirisha mambo, na mara hii uvivu ukamfaa.

Wiki iliyofuata Bi Senti aliandika barua fupi. Alisema laki sita zimepotea kwa sababu ya karatasi zake, na kwamba yuko tayari kubeba nusu: laki tatu, zikatwe kwenye mshahara elfu thelathini kwa mwezi, miezi kumi. Mshahara wake ulikuwa laki tatu. Aliiweka barua mezani kwa bosi akiwa na matumaini aliyoyaonea aibu, kwamba ataisoma, atatikisa kichwa, atasema, "Acha utani, dada."

Mzee Mende aliisoma. "Haya," akasema, akaiweka kwenye faili.

Dada yake, mkunga, alitaka kwenda kumwona mwenye kampuni ana kwa ana. "Miaka kumi na minne! Siku ulizompunguzia kodi kwa haki, alikukatia ngapi? Aliponunua zile pikipiki kwa akiba uliyomlindia wewe, alikupa hata tairi?" Bi Senti alimzuia kwa kumwambia ukweli: aliahidi mwenyewe, na aliyeahidi mwenyewe hana wa kumlalamikia. Wakapunguza nyama. Mkunga akaanza kwenda tena kuwakanda wazazi wapya wa mtaani kwa malipo madogo, akidai anafanya hivyo kwa sababu anachoka kukaa. Hakuna aliyemwamini, na yeye hakutaka kuaminiwa.

Ofisini Bi Senti alifungua ukurasa mpya katika leja, akauandika juu kwa herufi kubwa: KAZI TUNAZODAIWA. Pesa ya mkataba iliingia hapo kwanza. Moshi akigonga mhuri, laki moja ilihama kwenda kwenye mapato, kadi ikarudi droo, na jioni waliulizana kama wanavyoulizana wachezaji wa bao: "Zimebaki ngapi?" "Tisini na nne." "Zimebaki ngapi?" "Themanini na moja." Akamshauri bosi wafungue akaunti ya pili ya pesa hiyo, isitoke bila sahihi mbili. Mzee Mende alisaini fomu bila kumtazama usoni. Karatasi za tarehe tano zikawa nyembamba, laki mbili, laki moja na nusu, na sasa aliisoma mistari yote, akiuliza kila mmoja kwa kidole. Zamani alikuwa akimwita dada. Siku hizo alimwita mhasibu.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja ya Jumanne, mwalimu mkuu wa ile shule ya bweni alipanda ngazi za chuma akihema. Alikuwa mama mnene, mwenye heshima zake, na aliwaomba radhi kabla hata hajakaa.

"Wenye shule wamefunga bweni," alisema. "Wanafunzi wote watakuwa wa kutwa. Majengo yanakodishwa kwa watu wengine, na hao wana wapulizaji wao. Mlikuja mara moja kila jengo, mwezi wa pili. Mara ya pili sisi wenyewe tuliwaahirisha, mtakumbuka."

"Tunakumbuka," Moshi akasema kutoka mlangoni.

"Kwenye mkataba mliandika kazi isiyofanywa inarudishiwa pesa. Nimetumwa kuulizia." Akafungua pochi, akatoa mkataba. Aliushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi.

Mzee Mende akamgeukia mhasibu wake. Bi Senti alikuwa tayari ameshatoa kadi sita.

"Majengo sita, mara tatu tatu," alisema. "Kazi kumi na nane. Milioni moja na laki nane. Ipo kwenye akaunti ya pili."

Hundi iliandikwa palepale, sahihi mbili. Mwalimu mkuu aliishika kwa muda bila kuiweka kwenye pochi. "Nimezunguka leo sehemu tatu kudai pesa za shule," alisema. "Mwenye mkate kaniambia nirudi mwakani. Wa magodoro kazima simu. Ninyi ndio wa kwanza." Akawashukuru mara nyingi, akashuka ngazi polepole, akishikilia chuma.

Mzee Mende alichezea kifuniko cha kalamu.

"Tungenunua lile gari," alisema hatimaye, "leo ningempa nini yule mama?"

"Ungempa pole," Bi Senti akajibu.

Moshi ndiye aliyeanza kucheka, kikohozi na kicheko pamoja. Kisha Mzee Mende naye, kwanza puani, halafu kwa tumbo lote, mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati.

Tarehe thelathini Bi Senti alimpelekea orodha ya mishahara aitie sahihi. Kwenye jina lake mwenyewe kulikuwa na makato ya elfu thelathini, ya tatu. Mzee Mende akachukua kalamu nyekundu na kuyapiga mstari.

"Hii basi."

"Bosi, tulikubaliana miezi kumi. Barua ipo."

"Barua uliandika wewe. Mimi nilisema 'haya' kwa hasira, na hasira nayo ina tarehe yake ya mwisho. Elfu sitini zinatosha. Zilizobaki ni zangu, maana mimi ndiye niliyekimbilia gari bila kumuuliza mtu. Ungeniambia nisome mistari yote, ningesoma?"

"Nilikuambia. Miaka minne iliyopita."

"Unaona?"

Bi Senti alirudi mezani, akaandika upya orodha ile yote kwa sababu hakukubali karatasi yenye mchirizi mwekundu, na pembeni ya jina lake akaweka maelezo: makato yamesitishwa kwa amri ya mwenye kampuni. Jioni alinunua nyama kilo nzima. Mkunga aliipokea mlangoni, akaipima kwa mkono kama anavyopima kichanga, akasema tu, "Na huyo bosi wako kumbe ana moyo, umekaa mahali pa mbali."

Mwaka uliisha kampuni ikiwa na faida ya milioni moja na laki tatu, ambayo hakuna mtu aliyeinunulia soda. Mafundi waliongezewa kidogo, na pikipiki moja ikabadilishwa injini. Kazi ya mwisho ya mikataba ile, ghorofa moja la mtaa wa juu, ilipigwa mhuri wiki mbili kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na Moshi akalala siku mbili mfululizo.

Mwezi wa kwanza Mzee Mende alikuja na wazo jingine. Lakini safari hii alivuta kiti hadi mezani kwa Bi Senti kabla hajamwona mchapishaji.

"Dada, miaka miwili kwa mpigo. Analipa mara moja, tunakwenda mara nane. Tunampunguzia zaidi."

"Bei ya dawa mwaka wa pili unaijua?"

"Siijui."

"Basi usiiuze."

"Mwaka mmoja na nusu?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Bi Senti aliandika kwenye karatasi chakavu, Mzee Mende akafuta, akaandika tena. Wakaishia hapa: mwaka mmoja, mteja alipe nusu mwanzoni na nusu baada ya kazi ya pili. Mzee Mende alilalamika kwamba kwa masharti hayo hakuna mjinga atakayekuja, akachukua koti lake na kwenda kuchapisha vikaratasi mia mbili badala ya mia tano. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamekuja kumi na tisa, na Bi Senti alikuwa ameshawaandalia kadi, safari hii za kijani.